Baipasi ya moyo kwa mzee: mwongozo kamili wa familia, kabla ya upasuaji hadi wiki ya 12 nyumbani

Daktari akishasema kwamba mishipa mitatu ya moyo wa mama imeziba na stenti, kijibomba cha waya kinachowekwa ndani ya mshipa kuupanua, haitatosha, familia nyingi hukwama kwenye swali moja: mtu wa miaka 75 atahimili kupasuliwa kifua? Ni swali la haki. Lakini kwa wazee niliowauguza, wengi walitoka chumba cha upasuaji salama. Waliopata shida waliipata baadaye, wodini usiku wa tatu au nyumbani wiki ya pili, pale mambo madogo yalipokosa mtu wa kuyasimamia. Kwa hiyo nitapita haraka kwenye kisu chenyewe na kukaa zaidi kwenye siku za kabla na wiki 12 za baada yake, maana huko ndiko familia ina kazi ya kufanya. Mahali ambapo maelekezo ya daktari wenu yanatofautiana na haya, fuateni ya daktari, kwa sababu yeye anamjua mgonjwa na mimi simjui.

Hatua ya 1: Fahamuni kinachokwenda kufanyika

Moyo unasukuma damu mwili mzima, lakini wenyewe unalishwa na mishipa midogo inayoupitia juu, inayoitwa koronari. Kwa miaka mingi mafuta na chokaa hujijenga ndani ya mishipa hiyo mpaka njia inakuwa nyembamba. Mzee anaanza kubanwa kifua akipanda ngazi, au anachoka na kuhema bila sababu inayoeleweka. Wanawake na wagonjwa wa kisukari wanaweza wasipate maumivu makali ya kifua. Baadhi yao hulalamikia kichefuchefu, kukosa pumzi, uchovu, au maumivu ya taya na mgongo, ndiyo maana wengi huchelewa kugunduliwa.

Baipasi haizibui mshipa ulioziba. Inafanya kama barabara ya mchepuko: daktari huchukua mshipa kutoka sehemu nyingine ya mwili na kuushona ili damu ivuke pale palipoziba. Mshipa bora kuliko yote ni ateri iliyo ndani ya ukuta wa kifua upande wa kushoto. Baada ya miaka 10, zaidi ya 9 kati ya kila 10 ya ateri hizo huwa bado zinapitisha damu vizuri. Mshipa wa mguuni unapatikana kwa urahisi na ni mrefu, lakini baada ya muda huohuo karibu nusu yake huwa imeziba. Ateri ya mkononi nayo hutumika. Upasuaji huu si jambo jipya. René Favaloro, daktari wa Argentina aliyekuwa akifanya kazi Cleveland Clinic nchini Marekani, alianza kutumia mshipa wa mguuni mwaka 1967, na tangu hapo umefanyika kwa mamilioni ya watu.

Kazi huchukua kati ya saa 3 na 6. Mfupa wa kidari hukatwa katikati kwa msumeno, kisha mwisho hufungwa kwa nyaya za chuma kisichoshika kutu, na nyaya hizo hubaki humo maisha yote. Kumbukeni mfupa huo. Karibu kila katazo mtakalosikia baadaye linatokana nao.

Hatua ya 2: Maswali ya kumaliza kabla ya kusaini

Umri peke yake haumkatazi mtu baipasi. Walter Cronkite, mtangazaji wa habari maarufu wa Marekani, alipandikizwa mishipa minne mwaka 1997 akiwa na miaka 80, akaishi hadi 2009. Kinachopimwa ni nguvu ya mwili uliobeba umri huo. Njia mojawapo ni rahisi sana: mzee anatembezwa mita 5 kwa mwendo wake wa kawaida. Akichukua sekunde 6 au zaidi, hiyo ni ishara ya udhaifu, na hatari ya upasuaji inaongezeka. Madaktari huangalia pia figo, mapafu, historia ya kiharusi, kumbukumbu, na nguvu ya moyo kwa kipimo cha eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti. Wana vikokotoo vya kukadiria hatari ya kila mgonjwa. Ombeni mwambiwe makadirio ya mzee wenu kwa namba, na maana yake.

Mwulizeni daktari waziwazi kwa nini baipasi na si stenti. Kwa kawaida baipasi inapendekezwa pale shina la mishipa ya kushoto limebanwa, au mishipa mitatu imeziba, au mgonjwa ana kisukari na mishipa zaidi ya mmoja ina tatizo, au moyo umeshaanza kudhoofika. Stenti ni mzigo mwepesi kwa mwili, na kwa mzee dhaifu sana inaweza kuwa uamuzi wa busara hata kama haitadumu kama baipasi. Wapo pia wanaobaki na dawa tu. Hayo ni mambo ya kuzungumzwa, si ya kuamuliwa dakika tano mlangoni.

Hapa niseme jambo linaloniuma. Familia nyingi humficha mzee. Watoto wanakutana na daktari, wanaamua, kisha baba anaambiwa "tunakwenda kupima kidogo". Anazinduka ana mirija kooni na kifuani, na hajui kilichompata. Huyo ndiye atakayegoma kula, atakayekataa kutembea, atakayedhani anafichwa na mengine. Mzee mwenye akili timamu ana haki ya kuambiwa, na mara nyingi anaipokea habari kwa utulivu kuliko watoto wake. Mwulizeni naye anataka nini: miaka mingi zaidi, au kuweza kutembea mpaka msikitini au kanisani bila kubanwa, au kutokuwa mzigo. Jibu lake linaweza kubadili uamuzi mzima.

Tanzania, upasuaji huu unafanyika katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, ndani ya eneo la Muhimbili, Dar es Salaam. Uganda kuna Uganda Heart Institute pale Mulago, na Nairobi zipo hospitali zinazoufanya. Wengine husafiri hadi India. Popote mnapokwenda, ombeni makadirio ya gharama kwa maandishi yanayoonyesha siku za chumba cha wagonjwa mahututi, dawa na vipimo vya baada. Pelekeni barua ya bima mapema, kwa kuwa kibali huchukua muda. Ulizeni pia mnatakiwa kuleta wachangia damu wangapi. Watafuteni ndugu wa kuchangia wiki nzima kabla, si asubuhi ya siku yenyewe.

Hatua ya 3: Wiki za maandalizi

Chagueni mtu mmoja. Watoto sita wanaweza kuchanga fedha na kupokezana zamu, lakini mmoja ndiye awe na daftari: majina ya dawa, tarehe za kliniki, namba ya simu ya wodi, maelekezo ya daktari kama yalivyosemwa. Pasipo daftari hilo, dada anampa dawa ya presha asubuhi na kaka anampa tena mchana.

Wekeni dawa zote za mzee ndani ya mfuko mmoja na mwende nao kliniki: za hospitali, za duka la dawa, za mitishamba, hata za maji zilizo kwenye chupa. Baadhi ya dawa zinazofanya damu isigande husimamishwa kabla ya upasuaji. Klopidogreli kwa kawaida siku 5, tikagrelo siku 3 hadi 5. Aspirini mara nyingi huendelea. Dawa za kisukari za kundi la empagliflozini na dapagliflozini husimamishwa angalau siku 3 kabla. Msisimamishe yoyote kwa kusoma hapa. Lengo ni kwamba mkiona daktari hajazitaja, mmwulize. Dawa za mitishamba ziachwe na zitajwe bila aibu, kwa sababu baadhi huongeza kutoka damu na baadhi huumiza figo.

Sigara iachwe leo, na ugoro pia. Meno mabovu yatibiwe. Kama damu ni pungufu au sukari iko juu, hayo yarekebishwe kwanza ikiwa hali inaruhusu kusubiri. Mzee aliyekonda anahitaji kulishwa: mayai, samaki, maharage, maziwa, mtindi. Kidonda hakifungi kwa uji mtupu.

Kuna mazoezi mawili ya kumfundisha mapema, kwa ruhusa ya daktari. La kwanza ni kupumua kwa kina: avute hewa polepole puani mpaka kifua kijae, aishike kwa sekunde chache, aitoe. Mara 10, mara kadhaa kwa siku. La pili ni kuinuka kitini bila kutumia mikono. Akae ukingoni mwa kiti, avute miguu nyuma chini ya magoti, ainamishe kifua mbele, asimame kwa nguvu ya mapaja. Baada ya upasuaji hataruhusiwa kujisukuma kwa mikono, na mzee ambaye hajawahi kujaribu hushindwa kabisa. Kama kifua kinambana hata akiwa ametulia, asifanye mazoezi yoyote. Huyo anahitaji hospitali.

Kisha itazameni nyumba. Kitanda kiwe cha urefu wa magoti yake, si godoro la chini wala mkeka. Kiti kiwe kigumu chenye mgongo. Choo cha kuchuchumaa ni tatizo kubwa kuliko familia nyingi zinavyodhani, kwa sababu kuinuka kutoka chini kunamlazimu avute ukuta au mlango kwa mikono. Tafuteni kiti cha choo cha kuwekwa juu ya tundu. Fundi seremala anaweza kukitengeneza kwa nusu siku. Kama chumba chake kiko ghorofani, mhamishieni chini kwa wiki chache.

Hatua ya 4: Hospitali

Ndugu anayeingia chumba cha wagonjwa mahututi kwa mara ya kwanza hushtuka. Mgonjwa amevimba uso, ana mrija wa kupumulia mdomoni, mirija kifuani inayotoa maji mekundu, mpira wa mkojo, nyaya na dripu shingoni. Hayo yote yamepangwa. Mrija wa mdomoni hutolewa mara nyingi siku hiyohiyo au kesho yake, na sauti huwa ya kukwaruza kwa siku chache. Mgonjwa hukaa katika chumba hicho siku 1 au 2, kisha wodini, na jumla ya siku hospitalini kwa kawaida ni kama wiki moja. Kwa mzee huwa zaidi, na kuongezewa siku hakumaanishi mambo yameharibika.

Kati ya siku ya 2 na ya 4, mapigo ya moyo yanaweza kwenda ovyo na kwa kasi. Ni jambo la kawaida baada ya baipasi, na umri unaongeza uwezekano wake. Hutibika. Mzee akisema "moyo unakimbia" au anahisi kizunguzungu, mwiteni muuguzi papo hapo.

Kuchanganyikiwa ndiko kunakowatisha watu zaidi. Mama aliyekuwa mzima kabisa anaanza usiku kumwita marehemu mumewe, anang'oa dripu, anasema wauguzi wanataka kumwibia. Ndugu hukimbilia kusema amerogwa au amepata wazimu. Ni ubongo uliochoka kwa dawa za usingizi, maumivu, kukosa usingizi na mazingira mageni, na kwa wengi hali hiyo hutulia baada ya siku kadhaa. Mwambieni daktari, kwa kuwa maambukizi, upungufu wa hewa na hata kufunga choo vinaweza kuwa chanzo. Kazi ya familia hapa ni kubwa kuliko dawa. Mvalisheni miwani yake. Mwekeeni kifaa chake cha masikio na meno yake ya bandia. Fungueni mapazia mchana, zimeni taa usiku. Mtu mmoja anayemfahamu akae naye, amwambie kwa upole leo ni siku gani na yuko wapi. Msibishane naye.

Na kukohoa. Mapafu yaliyolala wakati wa upasuaji yanajaa makohozi, na asipokohoa atapata nimonia. Lakini kukohoa kunauma, kwa hiyo anajizuia. Nakumbuka bibi mmoja aliyekuwa akikaza midomo na kumeza kila kikohozi huku machozi yanamtoka. Muuguzi mwenzangu alikunja shuka ikawa mto mgumu, akaiweka juu ya kidonda, akamwekea mikono yote miwili juu yake, akamwambia, "Bibi, kumbatia kama mjukuu, ukaze, sasa kohoa." Alikohoa mara tatu, makohozi yakatoka, akapumua. Tangu hapo hakuiachia shuka ile, hata akitembea kwenda msalani. Nunueni mto mdogo mgumu kabla ya siku ya upasuaji. Utatumika pia akipiga chafya, akicheka, na ndani ya gari kati ya mkanda na kifua.

Mruhusuni atembezwe. Kesho yake tu baada ya upasuaji anaweza kukalishwa kitini, na siku inayofuata atapiga hatua. Ndugu wenye huruma husema "mwacheni apumzike". Kila siku anayolala kitandani inamla misuli ya mapaja, na kwa mzee misuli hiyo hairudi upesi.

Hatua ya 5: Wiki sita za mwanzo nyumbani

Sheria za kidari. Mfupa hushikana vya kutosha ndani ya wiki 6 hadi 8, na kupona kikamilifu ni kama miezi 3. Mpaka daktari aseme vingine, asinyanyue kitu kinachozidi kilo 4 au 5. Ndoo ya maji ya lita 20 ni kilo 20. Hata ndoo ya lita 10 ni marufuku, na mjukuu asibebwe. Mzee akiwa ameketi, mwekeeni mjukuu mapajani. Asisukume milango mizito, asivute jembe, asichote maji kisimani, asifue, asitwange, asipande bodaboda. Anapoamka kitandani ajigeuze ubavu, ashushe miguu, kisha ainuke huku mtu akimsaidia mgongoni. Msimvute kwa mikono wala kwapani. Nimemwona mzee akijinyanyua kwa kushika chuma cha kitanda kwa mkono mmoja, na jioni kidari kikaanza kulia "ko" kila akijigeuza. Mlio huo ni wa kurudi hospitali siku hiyohiyo.

Sala. Sujudi na kupiga magoti humlazimu kuegemea mikono na kujisukuma. Asali akiwa ameketi kitini mpaka aruhusiwe. Funga nayo isubiri. Miezi ya mwanzo mwili unahitaji chakula, maji na dawa kwa saa zake, hasa kwa mwenye kisukari, na mgonjwa ana ruhusa ya kidini ya kutofunga.

Kuoga na kidonda. Maji ya kumwagia kwa kopo, ya uvuguvugu, sabuni isiyo na manukato, bila kusugua mshono, kisha kukausha kwa kugusagusa. Asiingie baharini, mtoni wala kwenye beseni mpaka vidonda vyote vifunge. Msipake mafuta, asali, unga wa dawa wala kitu chochote ambacho hospitali haikutoa. Mguu uliotolewa mshipa huvimba kidogo jioni. Auinue juu ya mto akiwa amekaa, wala asikunje nne. Ganzi upande wa kushoto wa kifua au karibu na kifundo cha mguu ni ya kawaida na inaweza kukaa miezi. Kifuani ni mahali ambapo watu wenye ngozi nyeusi huota makovu ya kuvimba, keloidi. Kovu likianza kunenepa na kuwasha, lisemwe kliniki mapema, maana lina matibabu.

Maumivu. Hapa naomba msome mara mbili. Diklofenaki na ibuprofeni ndizo dawa ambazo duka lolote la mtaani litakuuzia kwa "maumivu ya mwili". Baada ya baipasi zinaongeza hatari ya shambulio la moyo na kiharusi, na zinaumiza figo za mzee. Asizimeze, asichomwe sindano yake. Parasetamoli kwa kiwango alichoandikiwa, pamoja na dawa waliyotoa hospitali, zinatosha kwa wengi. Maumivu yasiachwe pia, kwa sababu mwenye maumivu hapumui kwa kina wala hatembei. Dawa kali za maumivu kama tramadoli hufunga choo, na kujikamua msalani ni mzigo kwa moyo na kifua. Papai, mbogamboga, maji ya kutosha kwa kiwango alichoruhusiwa, na dawa ya kulainisha choo kama daktari ameandika.

Dawa za kudumu. Aspirini ya kiwango kidogo na dawa ya kushusha lehemu (kolesteroli) ya kundi la statini ni za maisha. Lehemu mbaya inatakiwa ishuke sana, chini ya 1.4 mmol kwa lita kwa mujibu wa miongozo ya Ulaya. Huongezwa mara nyingi dawa ya kutuliza mapigo na ya presha. Kosa ninaloliona mara kwa mara ni kuacha dawa mwezi wa tatu kwa sababu "amepona". Mishipa mipya inaweza kuziba kama ile ya zamani. Dawa zikimletea kizunguzungu akisimama, akae kwanza ukingoni mwa kitanda dakika moja au mbili kabla ya kuinuka, na mrudi kwa daktari apunguze kipimo. Kuanguka wakati kidari hakijashika ni hatari kubwa.

Chakula. Wiki za mwanzo chakula hakina ladha na wengine huhisi chuma mdomoni. Msianze kumnyima kila kitu. Mpeni kidogo mara nyingi, na protini kila mlo. Chumvi ndiyo ya kupunguza mara moja: jumla isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko cha chai kimoja pamoja na ile iliyo kwenye mkate, dagaa wa chumvi na vidonge vya mchuzi. Ladha itafutwe kwenye ndimu, kitunguu saumu, tangawizi, bizari. Nazi nzito, nyama ya mafuta na vya kukaanga vipungue hamu ikisharudi. Kama amepewa wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, mboga za majani zisikatazwe. Ziliwe kwa kiasi kilekile kila wiki ili kipimo cha damu kisipandepande.

Wageni. Watakuja wengi, na ni baraka. Lakini mzee atataka kuinuka, kusalimiana kwa mkono kila mmoja, kukaa nao saa tatu, kisha usiku halali. Mwenye daftari apange: wachache kwa wakati, dakika 15, mwenye mafua asiingie, kila mtu anawe mikono. Mtu mzima wa familia awaambie hivyo mlangoni kwa heshima, na wataelewa.

Kutembea. Wiki ya kwanza dakika 5, mara 3 au 4 kwa siku, kwenye tambarare, asubuhi au jioni jua likipoa. Mwongeze dakika chache kila baada ya siku mbili tatu, mlenge dakika 30 mfululizo wiki ya 6. Kipimo ni mazungumzo: akiweza kuongea sentensi nzima huku anatembea, mwendo ni sawa. Akikatika pumzi, apunguze. Hospitali ikiwa na kliniki ya mazoezi tiba ya moyo, mpelekeni hata kama ni mbali kidogo, kwa kuwa wanaohudhuria hupata nguvu upesi na hulazwa tena mara chache.

Moyo wa ndani. Machozi bila sababu, hasira, ndoto mbaya, kusahau majina, kushindwa kufuata habari kwenye redio. Wengi hupitia hayo wiki za mwanzo na hupungua yenyewe. Yakizidi wiki mbili, au mzee akisema heri angekufa, hiyo huenda ni sonona, na inatibika. Sonona isiyotibiwa huzorotesha kupona, kwa hiyo isemwe kliniki kama mnavyosema homa. Mpeni kazi ndogo ya heshima: kuchambua mchele, kusimulia, kumsikiliza mjukuu akisoma.

Dalili za kutosubiri kesho

Mpelekeni hospitali mara moja mkiona mojawapo ya haya:
- maumivu ya kifua ya kubana kama yale ya zamani, au kukosa pumzi ghafla
- uso kupinda upande, mkono au mguu kulegea, maneno kutosikika vizuri
- kuzimia, au moyo kukimbia bila kutulia
- homa ya 38 au zaidi, kutetemeka kwa baridi
- usaha, harufu, wekundu unaoenea, mshono kufunguka, au kidari kulia na kucheza
- shavu la mguu mmoja kuvimba na kuuma sana
- uzito kupanda zaidi ya kilo 1 kwa siku moja au kilo 2 kwa wiki, miguu kujaa, kushindwa kulala chali
- kinyesi cheusi kama lami
- kuchanganyikiwa kunakoanza upya nyumbani

Mizani ya bafuni ni kifaa cha bei nafuu kitakachowaonya kuhusu maji mwilini kabla ya macho yenu. Apimwe kila asubuhi baada ya kukojoa, na namba iandikwe.

Hatua ya 6: Wiki ya 6 hadi ya 12, na baada ya hapo

Kwenye kliniki ya wiki ya 6, mwulize daktari kuhusu kila jambo kwa jina lake, maana "endelea na shughuli za kawaida" kwa mkulima wa Mbozi ni tofauti na kwa mwalimu mstaafu wa Mombasa. Kuendesha gari hurudi kati ya wiki ya 4 na ya 8, akiwa hatumii dawa za kulewesha na anaweza kugeuza shingo na kifua bila maumivu. Jembe, shoka na magunia visubiri miezi 3, kisha vianze kidogokidogo. Safari ndefu ya basi igawanywe: ashuke kila saa moja au mbili atembee. Waliopasuliwa nje ya nchi wapate ruhusa ya maandishi ya kupanda ndege, na waombe kiti cha magurudumu uwanjani ili wasivute mizigo.

Tendo la ndoa wazee huona haya kuliuliza, na mara nyingi daktari naye halitaji. Akiweza kupanda ngazi za ghorofa mbili bila kuhema wala kubanwa, kwa kawaida yuko tayari, wengi kuanzia wiki ya 6 hadi ya 8, kwa mkao usiokandamiza kifua. Dawa za nguvu za kiume asinunue mwenyewe. Sildenafili ikikutana na dawa ya kuweka chini ya ulimi ya maumivu ya kifua, presha inaweza kuporomoka mpaka kuua.

Baada ya mwezi wa 3 kliniki zitapungua, pengine mara mbili kwa mwaka. Presha, sukari, lehemu na figo vipimwe hata kama anajisikia kijana. Kabla hamjaondoka hospitali siku ile ya kuruhusiwa, dai nakala ya ripoti ya upasuaji, inayoonyesha mishipa mingapi ilipandikizwa, imetoka wapi na imeshonwa wapi. Ipigeni picha, itumeni kwa ndugu wawili, na nakala nyingine ikae ndani ya daftari. Miaka 5 au 10 baadaye kifua kikirudi kubana, daktari mwingine, pengine wa mji mwingine, ataihitaji ajue aanzie wapi kuchunguza.